Kodi ya Ukingo

Neno kodi lina nyuso mbili katika Kiswahili. Kodi ni kile serikali inachotoza, upende usipende. Kodi pia ni kile mpangaji anachompa mwenye nyumba kila mwezi, kwa kuwa analala chini ya paa lisilo lake. Sura hii inahusu kipande cha ardhi ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kimetozwa kodi ya aina ya kwanza, ilhali kwa haki kilistahili kulipiwa kodi ya aina ya pili. Kipande hicho ni ukingo wa mto, na mito ninayoisema ni ile inayoteremka kutoka milima ya Rwenzori na kupita katikati ya mashamba ya Kasese, magharibi mwa Uganda.

Kilele cha Rwenzori, Margherita, kina mita 5,109. Ziwa George liko mita 914 hivi kutoka usawa wa bahari, na kati ya kilele na ziwa kwa mstari mnyoofu ni kilomita zipatazo 50 tu. Maana yake ni kwamba mto wa Kasese hauna muda wa kutulia. Nyamwamba, Mubuku na Sebwe hushuka upande wa mashariki hadi Ziwa George. Nyamugasani na Lhubiriha huelekea kusini, kwenye Ziwa Edward. Wakonzo huiita theluji ya mlima wao nzururu, na humo ndimo anamokaa Kithasamba, mwenye mlima. Juu kabisa kuna hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1991, chini kabisa kuna Hifadhi ya Queen Elizabeth, na katikati wamebanwa watu na kahawa yao, maharage yao, mihogo yao na mbuzi wao. Ardhi iliyobaki kwa kulima ni nyembamba, na sehemu yake yenye rutuba kuliko zote ni ile iliyo kando ya maji.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama magari, ukaharibu hospitali ya Kilembe na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za mgodi wa shaba. Watu walikufa. Mei 2020 ikawa zamu ya mito kadhaa kwa mpigo: Nyamwamba tena, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha. Maelfu ya familia walilala kambini, na hospitali ileile ikapigwa mara ya pili.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenda miti wengi hulikwepa. Ukanda wa nyasi na miti uliopandwa ukingoni usingeuzuia Nyamwamba wa 2013. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko hayo, moto ulikuwa umeteketeza uoto wa juu milimani, mbali na shamba la mtu yeyote. Mvua ilipopiga miteremko hiyo iliyoachwa wazi, ilisomba mawe na udongo uliokuwa umelala tangu enzi za barafu. Mto unaoviringisha majabali hausimamishwi na mabingobingo. Mtu akija kijijini akawaahidi wakulima kwamba wakipanda mianzi hawatapata mafuriko tena, anawadanganya, na siku mto utakapomuumbua, wakulima wataing'oa ile mianzi kwa hasira yenye haki.

Faida ya ukanda iko kwenye siku nyingine zote za mwaka, zile ambazo hazitangazwi redioni. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu hulivunja pumba la udongo na kuziba vitundu vyake. Maji yanayokosa pa kuingia huanza kutembea juu ya ardhi, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo yanavyobeba zaidi. Yakifika mtoni bila kizuizi, yamebeba ngozi ya shamba, na mbolea aliyoinunua mkulima kwa shida imeshikana na chembe za udongo huo. Lakini yakikutana na nyasi zilizosongamana hupunguza kasi, na maji yaliyopunguza kasi hayawezi kushika mzigo. Mchanga huanguka kwanza, katika mita chache za mwanzo. Tope laini huhitaji ukanda mpana zaidi. Udongo mfinyanzi, ule unaoyafanya maji yawe rangi ya chai ya maziwa, hupenya hata kwenye ukanda mzuri. Chini ya ardhi, mizizi ya nyasi hushona tabaka la juu na ile ya miti hushika kina, ili ukingo usimeguke vipande vipande kila maji yanapojaa.

Pana hitilafu moja ambayo mtu akiijua huiona kila mahali. Maji ya mlimani hayatiririki kama shuka lililotandazwa. Hufuata vijia vya mbuzi na njia za wachota maji, hukusanyika kwenye makorongo, kisha hupita kwenye ukanda kana kwamba yamefunguliwa mlango. Ndiyo maana ukanda bila kazi ya juu ya shamba ni nusu ya dawa. Juu lazima kuwe na matuta, mitaro ya kukinga maji, na fanya juu, yaani tuta la udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro, jina la Kiswahili lililotoka Machakos ambalo wataalamu wa udongo duniani kote hulitumia hivyohivyo bila kulitafsiri. Na lazima watu waachiwe njia ya kwenda mtoni, iliyotandikwa mawe, mahali panapojulikana. Mpango wowote unaomfungia mama na dumu lake asiyafikie maji utavunjwa na mama huyo, na atakuwa hana kosa.

Sasa sheria. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinasema mto ulio kwenye orodha ya mito mikubwa ulindwe mita 100 kutoka ukingoni. Mubuku umo kwenye orodha hiyo. Mito mingine ni mita 30. Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema ardhi ni ya wananchi, lakini mito na maziwa ya asili serikali inayashika kwa amana kwa niaba ya wote. Ukiyasoma maandishi hayo ukiwa ofisini Kampala, yanapendeza. Mita 30 ni kitu gani? Mtoto huzikimbia kwa sekunde chache.

Yasome basi ukiwa shambani. Tuseme mama mmoja wa Karambi, karibu na Bwera, ana ekari moja iliyo mraba, na upande mmoja unagusa mto. Ekari ya mraba ina takribani mita 64 kila upande. Toa mita 30 kutoka mtoni kwenda juu: umechukua mita za mraba 1,900 na ushei, yaani karibu nusu ya shamba lake, tena ile nusu yenye udongo mweusi. Kama mto wenyewe ungekuwa Mubuku, mita 100 zingeimeza ekari nzima na kuvuka mpaka hadi kwa jirani. Mwenye ekari 50 atapoteza kipande asichokihisi. Mwenye ekari moja atapoteza karo.

Hiyo ndiyo kodi ya aina ya kwanza. Anatozwa maskini aliye ukingoni, ili aliye chini apate maji safi, na hakuna risiti. Kwa kuwa hailipiki, haikusanywi pia: afisa wa mazingira hupita, huonya, huondoka, na maharage yanaendelea kupandwa hadi kwenye mdomo wa maji. Sheria isiyotekelezeka humfunza mwananchi kudharau hata ile inayotekelezeka. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi, na serikali imekuja ukingoni mikono mitupu kwa muda mrefu.

Je, tukija na fedha? Uganda imewahi kupima jambo hilo kwa uangalifu ambao nchi nyingi hazijafikia. Kuanzia mwaka 2011, katika vijiji 121 vya Hoima na Kibaale, wenye misitu binafsi katika nusu ya vijiji waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata miti, na vijiji vingine havikupewa chochote. Baada ya miaka 2, vijiji visivyolipwa vilikuwa vimepoteza asilimia 9 hivi ya miti yao. Vilivyolipwa vilipoteza asilimia 4 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 na yakazunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba mkulima maskini akilipwa kwa haki hutimiza ahadi.

Nayaamini. Lakini nawaomba wanaopanga mambo ya Kasese wasiinakili bei ile. Chukua shilingi 70,000 kwa hekta, uipeleke kwa mama wa Karambi. Kipande chake cha mita 30 ni kama hekta 0.19. Atapata shilingi 13,000 na kitu kwa mwaka mzima. Kule Hoima mtu alilipwa ili asiende msituni na shoka, na msitu ukabaki wake kama ulivyokuwa. Hapa mtu anaombwa ang'oe zao linalomlisha misimu miwili kila mwaka na kupanda kitu kingine mahali pake. Kuacha kufanya ni bei moja, na kuacha kula ni bei nyingine. Bei ya ukingo ni mavuno ya misimu miwili yaliyopotea, ukitoa gharama za mbegu na vibarua, na ukitoa thamani ya kile ambacho ukanda wenyewe utazaa.

Na ukanda unaweza kuzaa, jambo linalonipa matumaini kuliko yote. Mabingobingo hukatwa miezi michache tu baada ya kupandwa na kulisha ng'ombe wa zizini. Kaliandra hulisha mbuzi na nyuki na hutoa kuni. Mianzi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, lakini ikishaanza haiishi. Mikuyu, ambayo ukingo wa asili huijua, haitoi pesa haraka ila hushika udongo kwa mizizi isiyo na mfano. Mti ambao wakulima wengi wangeupanda wakiachiwa uchaguzi ni mkalitusi, maana nguzo zake zina soko. Ukingoni ni chaguo baya: unakunywa sana, na chini yake nyasi huwa haba, kwa hiyo maji hupita pale pale ulipotaka yasipite. Mkulima hakosei kuupenda. Mpango wa malipo ukishindwa kumpa kitu cha kushindana na nguzo ya mkalitusi, umeshindwa hesabu kabla ya kuanza.

Kwa hiyo malipo yanapaswa kuwa mazito mwanzoni, nyasi zikiwa changa na mianzi ikiwa haijavunwa, kisha yapungue ukanda unapoanza kujilipa wenyewe, bila kukoma. Shirika la ECOTRUST, ambalo tangu mwaka 2003 limewalipa wakulima wa magharibi mwa Uganda kwa kupanda miti ya kufyonza hewa ukaa, wakiwemo wa Kasese, hutoa fedha kwa awamu katika muda wa miaka 10, na sehemu kubwa huja mapema. Muundo huo unafaa. Ila mto si mti wa hewa ukaa. Mti ukishakua, kazi kubwa imekwisha. Ukingo ukilimwa tena mwaka wa 11, kila kilichonunuliwa kinaondoka na mvua ya kwanza. Ndiyo maana nasisitiza kodi ya mpangaji: hulipwa mradi umekaa.

Mpangaji ni nani basi? Majirani zetu wamejaribu kujibu. Katika milima ya Uluguru, Tanzania, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa matuta na miti ili Mto Ruvu uwafikishie wakazi wa Dar es Salaam maji yenye tope pungufu. Mashirika ya CARE na WWF yaliusimamia mpango, na waliokubali kuchangia walikuwa DAWASCO, kampuni ya maji ya jiji, na Coca-Cola Kwanza. Nchini Kenya, katika bonde la Malewa, watumiaji wa maji wa Ziwa Naivasha, wakiwemo wakulima wa maua, waliwapa wakulima wa juu vocha. Mwaka 2010 ilikuwa vocha ya kama dola 17 kwa mkulima kwa mwaka, ya kununulia mbegu na pembejeo. Wakulima walipanda kanda za nyasi na miti ya matunda na kuponya kingo. Dola 17 ni ndogo mno kulipia ardhi. Iliyowavuta, kwa maoni yangu, ni malisho yaliyoota kwenye zile kanda na mbinu walizojifunza, na vocha ikawa kama mkono wa heri. Ukizoea kufikiri kwamba fedha ndiyo kila kitu, Naivasha inakurudisha kwenye nyasi.

Kasese wapangaji wapo, na wanaonekana kwa macho. Mubuku una mitambo ya umeme iliyopangana mmoja baada ya mwingine. Nyamwamba una yake, na Nyamugasani pia. Karibu na Bwera, mtambo wa Lubilia Kawembe wa megawati 5.4 ulianza kazi mwaka 2018 kwenye maji ya Lhubiriha. Kwa mtambo wa umeme mchanga ni adui: husaga mapanga ya chuma yanayozungushwa na maji na hujaza bwawa la kuchotea. Chini zaidi kuna skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, inayokunywa Sebwe na Mubuku na inayofukua mifereji yake kila tope linapojaa. Mjini Kasese kuna Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo hulipia dawa za kusafisha kila chembe inayofika.

Lakini tusiwabebeshe wasiyodaiwa. Mtambo hufaidika na ukingo ulio juu ya mahali unapochotea maji tu. Sehemu nyingi za kuchotea ziko juu karibu na hifadhi, ambako hakuna wakulima wengi wa kulipwa. Mama wa Karambi akiwa chini ya mtambo, tope lake haliudhuru mtambo. Linakwenda Ziwa Edward, kwenye mazalia ya samaki na nyavu za wavuvi wa Katwe, ambao hawana mita ya maji wala ankara ya kuongezea shilingi. Kwa kipande hicho cha mto mlipaji hawezi kuwa kampuni. Ni sisi sote, kupitia bajeti, kwa kuwa Katiba imesema mto ni amana yetu. Serikali inayoshika amana bila kulipia ulinzi wake inaishi kwa deni la watu wa ukingoni.

Kuna suala la mkono utakaopokea. Mashamba mengi ya ukingoni ni ya ukoo, bila hati, na mengine yameazimwa au kukodishwa kwa msimu. Anayelima mara nyingi ni mwanamke. Anayetia sahihi mara nyingi ni mwanamume. Mkataba ukimtaka mwenye jina, fedha zitakwenda kwa mmoja na jembe litabaki kwa mwingine, na aliyeachwa na jembe hatakuwa na sababu ya kuacha ukingo. Na mwenye shamba akisikia kuna fedha, atamfukuza aliyeazima na kupanda nyasi mwenyewe. Dawa ninayoiona ni kuandika majina yote mawili, na kumhesabu anayelima kuwa mlinzi hata kama si mwenye ardhi.

Kisha pengo. Wakulima tisa wakipanda na wa kumi akakataa, maji hupita kwa wa kumi. Jimbo la Oregon, Marekani, liliona tatizo hilo na likaweka nyongeza kwa wakulima pale ambapo angalau nusu ya kingo katika kipande cha mto cha maili 5 zimeingia kwenye mpango. Hapo jirani anakuwa na hamu ya kumshawishi jirani. Bwera, ambako vyama vya kuweka na kukopa viko kila kitongoji na vikundi vya kahawa vimezoea kupima kazi ya kila mmoja, nyongeza ya namna hiyo ingekuta nyumba imeshajengwa.

Lakini Bwera pana pengo ambalo Oregon haina. Mkataba wa Waingereza na Wabelgiji wa mwaka 1915 uliufanya Lhubiriha kuwa mpaka, kuanzia unapoingia Ziwa Edward na kupanda nao mlimani. Ukingo wa upande huu ni Uganda. Ule wa pili ni Kongo, na mji ulio ng'ambo, pale Kasindi, unaitwa kwa jina la mto uleule. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, lugha yao ni moja kwa kiasi kikubwa, na sokoni Mpondwe wanakutana kwa Kiswahili. Malipo ya Kampala yatasimama katikati ya maji. Mto ukiimarishwa upande mmoja tu, nguvu zake hugeukia upande laini, na mkulima wa Kongo ataona shamba lake likimeguka kwa sababu binamu yake amelipwa kupanda mianzi. Kumtetea mmoja kwa kumdhuru mwingine si uhifadhi. Kipande cha mpakani kinahitaji mkataba wa vijiji vinavyotazamana, ulioandikwa kwa Kikonzo na Kinande na Kiswahili, wenye mita zilezile na bei ileile pande zote mbili, hata kama utaanza na kilomita moja tu.

Kwa kipande hicho kimoja ningependa kuona jambo moja dogo likizingatiwa. Mvua za Kasese huja mara mbili, kuanzia Machi na kuanzia Agosti au Septemba. Muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa Februari, na wa tatu Septemba. Majira hayo mawili ndipo mama wa ukingoni anapotafuta karo na mbegu kwa wakati mmoja, na ndipo anapousimamia ule ukanda wa mabingobingo akiwa na jembe mkononi, akiupima kwa macho. Fedha zikifika mwishoni mwa Januari, nyasi zitabaki. Zikichelewa hadi Aprili, zitakuta maharage yameshachipua hadi majini.